Filamu shirikishi zenye viumbe wa akili mnemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wachezaji na waonyeshaji wa Dodoma

Ukurasa huu ni wa makundi mawili: wanaokuja kucheza filamu hizi, na wanaotaka kuzionyesha Dodoma, Manyoni au Singida kisha wakusanye maoni yanayosaidia. Si lazima uanze juu. Nenda kwenye swali lako.

Filamu ya aina hii ni kitu gani hasa?

Ni filamu inayofika mahali ikasimama na kukusubiri. Ndani yake kuna wanyama, mizimu, roboti au viumbe wasio na jina, na hawakuandikiwa kila neno watakalosema. Kila kiumbe amejengwa kwa tabaka tatu. La kwanza ni matukio yaliyorekodiwa au kuchorwa mapema. La pili ni hali ya kiumbe: tarakimu zinazopanda na kushuka, kwa mfano njaa, woga na imani yake kwako, kila moja kati ya 0 na 100. La tatu ni modeli ya lugha, yaani programu iliyofunzwa kwa maandishi mengi, inayotunga maneno kulingana na hali hiyo. Ukimfokea, woga unapanda; ukivuka kiwango kilichowekwa, filamu inarukia tukio la kukimbia.

Hakuna pointi, hakuna levo, hakuna adui wa kumshinda mwishoni. Anayetoka moja kwa moja kwenye kibanda cha gemu hulalamikia hilo kabla ya lolote, kwa hiyo aambiwe kabla hajakaa kitini.

Wazo lenyewe ni jipya?

Vipande vyake ni vya zamani. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza ELIZA, programu ya kupiga soga kwa maandishi. Mwaka 1967, kwenye maonyesho ya dunia ya Montreal, Radúz Činčera na wenzake kutoka Chekoslovakia walionyesha Kinoautomat, filamu ambayo watazamaji waliipigia kura kwa vitufe vilivyokuwa kwenye viti vyao. Mwaka 1996 gemu la Creatures la Steve Grand liliwapa viumbe wake mtandao wa neva (programu inayoiga ubongo), kemia ya mwili na jeni za kurithishana. Gemu la Façade la Michael Mateas na Andrew Stern likafuata 2005: mchezaji anaandika chochote anachotaka, na mke na mume wanaogombana mbele yake wanamjibu. Kilichobadilika sasa ni kwamba kiumbe anaweza kuongea Kiswahili bila mtu kumwandikia hata sentensi moja. Ubora wa Kiswahili hicho ni habari nyingine, tutaifikia.

Kwa nini maoni ya wachezaji yanapingana kiasi hiki?

Kwa sababu hawakuona filamu moja. Filamu yenye vituo 8 vya kuchagua, kila kituo njia mbili, ina njia 256. Na kwa kuwa kiumbe anatunga maneno papo kwa papo, hata wawili waliopita njia ileile wamesikia mambo tofauti. Mmoja anatoka akisema kiumbe ana utu kuliko jirani yake, mwingine anasema ni kasuku. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli.

Hapo ndipo tunaposimama sisi: maoni yasiyoambatana na rekodi ya alichofanya mchezaji ni nusu ya habari, hata yakijaza daftari zima. Ukiyaweka maoni kando ya rekodi, ugomvi mwingi unaisha wenyewe. Anayeandika "inachosha" mara nyingi alikaa kimya. Amezoea filamu za kutazama, kiumbe anamsubiri aseme neno, muda unaisha, na filamu inachukua njia ya akiba ambayo kwa kawaida ndiyo dhaifu kuliko zote. Anayeandika "haina mwelekeo" huenda alianza kumjaribu kiumbe: atafungwa nani kati ya Simba na Yanga, bei ya mahindi soko la Majengo leo. Modeli ya lugha isipowekewa mipaka hujibu tu, na tukio la msiba linageuka kijiwe. Anayesifia sana mara nyingi alivaa hedifoni yenye maiki na akaongea sentensi fupi. Huyo hakuwa na uvumilivu kuliko wenzake, alisikika tu.

Kwa hiyo ukisoma maoni ya mtu, usianze kumuuliza kama alipenda. Anza na alikaa wapi, alivaa nini masikioni, na alifika kituo cha ngapi.

Je, machaguo yangu yanabadilisha chochote kweli?

Hadithi inabadilika kidogo kuliko unavyodhani. Kiumbe anabadilika zaidi. Kila tawi jipya linataka matukio mapya, na matukio ni fedha, kwa hiyo watunzi huyarudisha matawi kwenye shina baada ya dakika chache. Kinoautomat ilifanya hivyo waziwazi: inaanza na moto, na kura ziende upande wowote, moto unawaka.

Ukitaka kujua filamu uliyonayo ikoje, icheze mara mbili. Mara ya kwanza mtendee kiumbe wema kuanzia mwanzo. Mara ya pili mfokee kwenye vituo vitatu vya kwanza, halafu mengine fanya yaleyale. Kama tukio la kati ni lilelile lakini kiumbe hakusogelei tena, basi umeona kilichobadilika. Kama hata yeye hajabadilika, filamu inakudanganya, na andika hivyo kwenye fomu ya maoni bila haya.

Naongea, lakini kiumbe hanielewi. Shida ni Kiswahili changu?

Mara chache. Shida kubwa ni sauti inayofika kwenye kompyuta. Fuata mpangilio huu kabla ya kulaumu filamu.

Kwanza achana na maiki ya laptopu. Inasikia feni yake yenyewe kuliko inavyokusikia wewe. Tumia hedifoni yenye maiki, iwe kama sentimita 5 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiigonge. Pili, kwenye mipangilio chagua Kiswahili mwenyewe. Programu ya kutambua sauti ikiachwa ijichagulie lugha, neno fupi kama "ndiyo" au "haya" linatosha kuipeleka kwenye lugha nyingine kabisa. Tatu, tumia kitufe cha kubonyeza ndipo uongee. Programu hizi zina tabia mbaya ya kubuni maneno pakiwa kimya, na kiumbe anajibu sentensi ambayo hakuna aliyeisema. Wachezaji wengi wanaosema "kiumbe kachanganyikiwa" wamekutana na hilo.

Lafudhi inachangia pia. Kiswahili kilichofundishiwa mashine ni kile cha habari na vitabu zaidi kuliko cha mtaani, na Kigogo karibu hakimo. Ukimwamkia "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, utaandikiwa kitu cha ajabu. Mtunzi makini huongeza maneno ya mahali kwenye orodha ya maneno yanayotarajiwa: salamu, majina ya mitaa kama Nkuhungu, Ipagala na Chang'ombe, majina ya vyakula. Ni kazi ya mchana mmoja na inaokoa malalamiko mengi.

Salamu zina uzito wake. Hapa mtu mzima hawezi kuanza kumhoji kiumbe kabla ya kusalimiana, na mtoto atasema "shikamoo" hata kwa joka. Kiumbe asiyeitikia "marahaba" anaonekana hana adabu, na maoni yote yanayofuata yanabeba kasoro hiyo. Salamu ziandikwe kwa mkono, zisiachiwe modeli.

Kwa nini anachelewa kujibu?

Sauti inageuzwa maandishi, kama sekunde 1. Modeli inatunga jibu, sekunde 1 hadi 2. Jibu linageuzwa sauti, nusu sekunde hadi 1. Jumla inafika 3 au 4. Kwenye maongezi ya watu wawili mwanya wa kawaida kati ya zamu ni takribani sehemu ya tano ya sekunde, kwa hiyo sekunde 3 zinahisiwa kama dharau.

Kiswahili kinaongeza mzigo. Modeli nyingi hukata maneno vipande, na neno refu kama "hawakutuambia" linaweza kuwa vipande vinne au zaidi, ilhali neno la kawaida la Kiingereza mara nyingi ni kipande kimoja. Vipande vingi, muda mwingi.

Dawa mbili. Majibu ya kiumbe yawe mafupi, maneno 15 hadi 25. Na kiumbe asikae kama sanamu wakati anasubiri: ageuze kichwa, akohoe, aseme "enhee". Mchoro wa sekunde 2 wa kiumbe anayefikiri unapunguza malalamiko kuliko kununua kompyuta mpya.

Kiumbe kasahau jina langu katikati ya filamu. Imeharibika?

Hapana. Modeli inaona sehemu tu ya maongezi, na ya mwanzoni yanasukumwa nje. Mtunzi alitakiwa kuhifadhi mambo muhimu (jina, ahadi, tusi) kwenye faili la pembeni na kuyarudisha kila zamu. Liandike kwenye fomu pamoja na dakika lilipotokea.

Je, kiumbe anaweza kusema jambo la aibu mbele za watu?

Anaweza, na siku moja atasema. Orodha ya maneno yaliyokatazwa pekee haitoshi, na ina balaa lake. Façade inakumbukwa na wachezaji kwa jambo dogo: ukiandika neno la Kiingereza "melon", yaani tikiti, mwenye nyumba anakasirika na kukufukuza, kana kwamba umetoa lugha chafu. Kiswahili kina mitego kama hiyo tele, maana neno la kawaida Dodoma laweza kuwa matusi pwani.

Kinachofaa ni kumfunga kiumbe ndani ya tukio. Apewe mambo anayoyajua, machache, na sentensi moja ya kurudi kwenye hadithi akiulizwa nje ya hapo. Mbali na hayo, mwendeshaji awe na kitufe cha kunyamazisha. Kitufe halisi cha kibodi, chini ya kidole, wala si menyu ya kutafuta gizani.

Nahitaji vifaa gani kuionyesha hapa?

Inategemea viumbe wanaishi wapi. Wakiwa kwenye kompyuta yako, modeli ya vigezo (tarakimu ilizojifunza) bilioni 7 au 8, iliyobanwa hadi biti 4 kwa kila kigezo ili ipungue ukubwa, inachukua kama GB 5 za kumbukumbu ya kadi ya picha. Ongeza nafasi ya maongezi na ya filamu yenyewe, na kadi ya GB 8 inakuwa ndiyo kiwango cha chini. Modeli ndogo hivyo inaongea Kiswahili cha kusuasua, tusifichane. Wakiwa mtandaoni, laptopu ya kawaida inatosha, lakini filamu yako inaning'inia kwenye mnara wa simu. Sisi tungechagua mtandao kwa maneno na kompyuta kwa kila kingine, kisha tuwe na majibu 30 au 40 yaliyorekodiwa mapema kwa ajili ya dakika ambazo mtandao unakatika.

Sauti ya kiumbe si tatizo tena: zipo sauti za kutengenezwa za Kiswahili cha Tanzania, mojawapo ya kike iitwayo Rehema na nyingine ya kiume iitwayo Daudi, kutoka Microsoft. Lakini ni sauti za mtangazaji wa habari. Kiumbe mwenye manyoya akiongea hivyo watu wanacheka, kwa hiyo shusha au pandisha kimo cha sauti na uipunguze kasi.

Umeme: laptopu yenye kadi ya picha hula kama wati 200, projekta 300, spika 50. UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya VA 1000 hutoa kama wati 600, kwa hiyo inabeba vyote hivyo kwa shida na kwa dakika chache tu. Afadhali uchomeke kompyuta na ruta peke yake humo. Projekta ikizimika hupotezi rekodi. Taa ya projekta ya zamani ikizimika ghafla usiiwashe papo hapo, iache ipoe dakika 5 kwanza. Jenereta iwe mbali, mita 20 au zaidi, nyuma ya ukuta, la sivyo maiki itasikia hiyo tu.

Kuna mambo matatu ya Dodoma yenyewe. Vumbi la kiangazi linaziba vichujio vya projekta na feni za laptopu. Kompyuta ikipata joto inajipunguzia kasi, na wachezaji wa saa ya mwisho wanaandika "kiumbe mzito" wakati wa kwanza waliandika "mwepesi". Safisha kwa brashi kavu kila wiki, na usilowanishe. Upepo wa Julai hadi Oktoba unageuza turubai la nje kuwa tanga, na unapiga maiki. Ivishe maiki sponji, au ingia ndani. Halafu mvua za Desemba hadi Aprili: chini ya paa la bati hakuna programu inayosikia neno. Siku hizo zima sauti, wachezaji waandike.

Projekta ya lumeni 3000 inatosha turubai la upana wa mita 2 gizani. Uwanjani anza baada ya saa moja usiku.

Kibanda umiza kinafaa?

Kwa watazamaji wengi, ndiyo. Kwa maoni ya mtu mmoja mmoja, hapana. Chumba chenye watu 40 kwenye mabenchi hakina maiki inayotofautisha nani kasema nini, na kila mtu ni kocha. Tumia kura: kadi ya kijani na nyekundu kwa kila mtu, sekunde 15 za kuamua, mhesabuji mmoja, na mwendeshaji anabonyeza. Kwenye maongezi na kiumbe, mteule mmoja apewe maiki, abadilishwe kila baada ya vituo viwili. Wenye sauti nene watakumeza usipofanya hivyo.

Maoni ya kikundi yaandikwe peke yake, yasichanganywe na ya aliyecheza pekee. Kicheko cha jirani kinaifanya filamu dhaifu ionekane kali.

Inakula bando kiasi gani?

Maneno hayali kitu, ni kilobaiti chache kwa kila zamu. Sauti ghafi ya ubora wa kutambuliwa ni kilobaiti 32 kwa sekunde, yaani kama MB 115 kwa saa ya kuongea mfululizo, na hakuna anayeongea saa nzima. Kinachomaliza bando ni picha zikitiririshwa, karibu GB 3 kwa saa kwa ubora wa juu. Pakua filamu nyumbani.

Kuna kibali?

Filamu inayoonyeshwa hadharani iko chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu ndiyo inayokagua na kupanga daraja la umri. Ugumu wa filamu hizi ni kwamba mkaguzi anaona njia moja tu. Peleka matukio yote yaliyorekodiwa, orodha ya yale kiumbe asiyoruhusiwa kuyagusa, na kurasa chache za maongezi halisi ya majaribio. Nenda mapema, usisubiri wiki ya onyesho.

Wachezaji tuwaulize nini?

Usiulize "umeionaje?" Utajibiwa "nzuri sana, hongereni", maana mgeni hamvunji moyo mwenyeji, hasa mwenyeji akiwa amesimama mbele yake na soda mkononi. Mtunzi asiwepo chumbani. Anayeuliza awe mtu ambaye hakuitengeneza filamu, na aseme hivyo mwanzoni.

Uliza matendo badala ya sifa. Ulitaka kufanya nini ukashindwa? Ni wapi ulitamani kutoka? Kiumbe alikosea wapi? Msimulie mwenzako hadithi uliyoiona, kwa sentensi tatu. Hilo la mwisho ndilo tunalolithamini kuliko yote: mchezaji akisimulia tukio ambalo halimo kwenye filamu, ujue kiumbe alilitunga na likashika. Akishindwa kusimulia, hata akiweka alama 5 kati ya 5, filamu haikumfikia.

Alama za 1 hadi 5 zitumike kwa mambo matatu tu, zisizidi: alieleweka, alichoshwa, angecheza tena. Badilisha mwelekeo kwenye moja, yaani hapo 5 iwe ndiyo alama mbaya, ili anayeweka 5 kila mahali ajulikane. Wasiopenda kuandika waongee, dakika 5, kwa lugha wanayoitaka. Mzee wa Mpwapwa akisema kwa Kigogo utapata mengi kuliko kwenye kisanduku cha fomu.

Fomu ijazwe ndani ya dakika 10 baada ya kucheza, kabla hajakutana na anayesubiri zamu. Wakikutana nje, maoni yanakuwa mamoja.

Wachezaji wangapi wanatosha?

Kutafuta kasoro, watano kwa duru moja. Rekebisha, uite watano wengine. Kutaka kujua watu wanapenda nini, anzia 30, na usichukue wanafunzi wa kompyuta wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) peke yao. Hao ni wepesi kupatikana na wanasamehe makosa ambayo muuza mitumba wa Sabasaba hatasamehe.

Kompyuta iandike nini?

Kwa kila tukio mstari mmoja: saa hadi sekunde, namba ya mchezaji, kituo, alichosema kama mashine ilivyosikia, alichojibu kiumbe, hali ya kiumbe kwa tarakimu, na sekunde alizosubiri. Namba hiyohiyo iandikwe juu ya fomu ya maoni kabla mchezaji hajakaa. Ikisahaulika hapo, huwezi kuoanisha tena, na kazi ya jioni nzima inabaki sifa na lawama zisizo na mwenyewe. Hakikisha pia saa ya kompyuta iko sawa; laptopu iliyokaa bila chaji huweza kuamka na tarehe ya miaka iliyopita.

Watoto wacheze?

Wakiwa na mzazi au mlezi aliyekubali, na filamu ikiwa ya daraja lao. Kaa na mtoto mwishoni umwambie kiumbe ni programu, hasa kama aliumia au alikufa kwenye njia aliyoichagua. Watoto wadogo hujilaumu.

Rekodi za sauti tuzifanyeje baadaye?

Sauti ya mtu ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, aseme kusudi lake, na asizitumie kwa lingine. Kiumbe wa mtandaoni maana yake sauti huenda inavuka mipaka ya nchi. Hilo lina masharti yake, na mchezaji aambiwe kwa Kiswahili rahisi kabla ya kuvaa hedifoni.

Kwa vitendo: saini au alama ya kidole kwenye ridhaa, karatasi ya majina ifungiwe mbali na mafaili yenye namba, sauti ifutwe mara tu maandishi yake yakishahakikiwa na mtu, na anayebadili mawazo afutiwe akitaja namba yake. Mpe namba hiyo kwenye kikaratasi aondoke nacho.